Thugs of Hindostan na deni la Zafira

Tarehe 8 Novemba 2018, siku moja baada ya Diwali, Thugs of Hindostan iliingia kwenye kumbi za sinema za India kwa kishindo kikubwa. Siku hiyo moja ilivuna zaidi ya rupia milioni 500, rekodi ya siku ya kwanza kwa filamu za lugha ya Kihindi. Kesho yake mapato yakaporomoka karibu nusu. Keshokutwa yakashuka tena, ingawa ilikuwa Jumamosi. Wiki ya pili wenye kumbi walikuwa tayari wanaipunguzia maonyesho. Mwezi haukuisha kabla Aamir Khan, nyota wa filamu hiyo, hajasema hadharani kwamba lawama anazibeba yeye, kwamba watazamaji walikuja na matumaini makubwa na hawakuburudika.

Nampa heshima kwa hilo. Mastaa wa kimo chake hawana desturi ya kusema hivyo. Lakini tangu siku ile watu wameigeuza filamu hii kuwa kichekesho cha mitandaoni, na mimi sijawahi kuicheka. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu filamu za Kihindi za masala, zile zinazochanganya machozi, ngumi, mapenzi na nyimbo, ndizo zilizonifundisha kukaa mbele ya skrini na kumpenda mtu ambaye hayupo. Nataka kueleza kilichoharibika, maana sababu zinazotajwa mara kwa mara naona hazifiki kwenye kidonda.

Kwanza, matarajio yetu hayakutoka hewani. Amitabh Bachchan na Aamir Khan hawakuwa wamewahi kuonekana pamoja kwenye filamu. Sauti ya Amitabh ilisimulia Lagaan mwaka 2001, filamu ambayo Aamir aliitengeneza na kuiongoza kwa uigizaji, lakini sura zao zilikuwa hazijakutana. Trela ilitolewa 27 Septemba, siku ya kuzaliwa ya marehemu Yash Chopra, yule aliyeongoza Deewaar na kuanzisha kampuni iliyotengeneza filamu hii. Merikebu mbili kubwa ziliundwa Malta. Kulikuwa na Katrina Kaif, kulikuwa na muziki wa Ajay-Atul, kulikuwa na Fatima Sana Shaikh aliyetoka kutushangaza kwenye Dangal. Mwongozaji, Vijay Krishna Acharya, alikuwa amefanya Dhoom 3 na Aamir miaka mitano nyuma, na ile iliuza sana. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hii ilitembezwa mno. Hata hivyo, ukiangalia majina yale, mpenzi gani wa picha za Kihindi angebaki nyumbani?

Sikubaki nyumbani. Nilikwenda na binamu yangu, mdogo wangu kwa umri, kwenye ukumbi mmoja jijini Dar es Salaam. Dakika za mwanzo zilinishika kabisa.

Mwaka ni 1795. Nawabu wa Raunakpur, Mirza Sikandar Baig, ni miongoni mwa watawala wa mwisho ambao hawajapiga magoti mbele ya Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki. Ofisa wa Kampuni, John Clive, anamteka mwanawe na kumlazimisha asalimu amri, kisha anaiua familia. Binti mdogo, Zafira, ambaye akikua anaigizwa na Fatima Sana Shaikh, anaona yote. Khudabaksh, kamanda mwaminifu wa nawabu anayeigizwa na Amitabh, anamwokoa na kutoweka naye. Pale nilijiegemeza kwenye kiti nikasema moyoni, haya, sasa tuna picha. Mtoto kaona wazazi wakiuawa, muuaji ana sura na jina, mzee kaapa kumlea. Hakuna msingi ulio bora zaidi wa filamu ya masala kuliko huu.

Halafu miaka kumi na moja inaruka, na filamu inamwacha Zafira.

Badala yake anaingia Firangi Mallah, Aamir Khan juu ya punda, kofia kichwani, wanja machoni, mjanja anayemuuza kila mtu kwa kila mtu. Anawauza majambazi kwa Waingereza na Waingereza kwa majambazi. Wengi walisema kamwiga haramia wa filamu za Karibea, na kufanana kupo. Kosa hilo lingesameheka; sinema ya India imechukua mengi kutoka kwingine na kuyafanya yake. Shida ya Firangi ni kwamba hahitaji chochote. Hana aliyempoteza, hana anayemtafuta, hana aibu anayotaka kuifuta. Anataka pesa, na hata pesa haitaki kwa njaa ya kweli. Filamu ya dakika 164 imekabidhiwa mtu asiye na kidonda, wakati mwenye kidonda amesimama pembeni na upinde mkononi.

Katikati ya filamu binamu yangu aliniinamia akaninong'oneza, "Kaka, huyu dada ataongea lini?" Sikuwa na jibu. Zafira anarusha mishale, anaruka kutoka kamba hadi kamba, anakunja uso. Maneno anayopewa ni machache mno. Kuna mahali Khudabaksh, ambaye sasa anaitwa Azaad, anambembeleza kwa wimbo kama alivyombembeleza utotoni, na hapo kwa muda mfupi filamu inapumua. Unamwona mwanamke aliyekua bila kulala vizuri. Halafu tunarudishwa kwa Firangi na vituko vyake.

Hapa ndipo napishana na wakosoaji wengi. Waliandika kwamba filamu haina uhalisia, kwamba mapigano hayaaminiki, kwamba mzee wa umri ule hawezi kupambana na kikosi kizima cha askari. Ndugu zangu, tangu lini masala ikadaiwa uhalisia? Kwenye Amar Akbar Anthony ya Manmohan Desai, ya mwaka 1977, ndugu watatu waliopotezana utotoni wanalala kwenye vitanda vitatu hospitalini, na damu inatoka mikononi mwao kwa pamoja kwenda kwa mwanamke mmoja ambaye hawajui kwamba ni mama yao. Daktari yeyote atakuambia haiwezekani. Lakini watu wamelia kwa tukio lile zaidi ya miaka arobaini sasa, kwa sababu kabla ya vitanda vile tulionyeshwa watoto watatu wakiachwa kwenye sanamu ya Gandhi, mmoja akikimbilia gari, mwingine akibaki na njaa. Damu ile ni jibu la swali ambalo filamu ilishaliuliza. Moyo ulikuwa unaingoja.

Hiyo ndiyo sheria ya masala, na ni sheria kali kuliko watu wanavyodhani. Kinachoruka angani lazima kiwe kimerushwa na maumivu. Ukinionyesha mtoto kwenye Deewaar akichanjwa mkononi maneno kwamba baba yake ni mwizi, basi Vijay akiwa mtu mzima anaweza kuwapiga wanaume kumi ndani ya ghala peke yake nami nitaamini kila ngumi, kwa sababu najua mkono ule umeandikwa nini. Salim Khan na Javed Akhtar, walioiandika Deewaar, walilijua hili kama fundi anavyoijua timazi. Kwenye Sholay, iliyotoka mwaka huohuo wa 1975, wanamfunika mzee Thakur shuka mabegani. Kwa muda mrefu unamwona anasimama tu, hanyooshi mkono hata pale anapopaswa kusaidia, na unaanza kumchukia kwa woga wake. Halafu shuka inaanguka na unaona mikono haipo. Jambazi Gabbar aliikata yote miwili. Kuanzia hapo kila risasi ndani ya picha ile ina uzito mwingine.

Na Sholay, wapendwa, ilianza vibaya. Siku zake za kwanza watu waliidhania kuwa imeanguka. Hakuna rekodi ya ufunguzi iliyoibeba. Ilibebwa na midomo ya waliotoka ukumbini na kuwaambia jirani zao, ikakaa kwenye ukumbi wa Minerva wa Bombay zaidi ya miaka mitano. Thugs of Hindostan ilipewa kinyume chake. Tiketi ziliuzwa kabla mtu hajaona chochote, na midomo ileile ilipotoka ukumbini iliiua kwa siku tatu.

Sisi huku pwani tuna kipimo chetu cha picha ya Kihindi, na naamini ni kipimo kizuri kuliko cha wanaohesabu rupia. Kabla ya mimi kuzaliwa wazee wetu walikuwa wanajazana kwenye kumbi za Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa kuwaona Raj Kapoor na Nargis bila kuelewa neno moja, na tuni za picha zile zikaingia kwenye taarab na kukaa humo. Baadaye zikaja kanda, vikaja vibanda vya video, wakaja watafsiri wanaoiweka sauti yao juu ya picha: Lufufu kwetu Tanzania, DJ Afro kwa Wakenya. Mtafsiri hana merikebu wala mavazi ya Jodhpur. Ana kinywa. Anakuambia steringi ni nani, kadhulumiwa nini, adui anakaa wapi, na kibanda kizima kinanyamaza. Picha nzuri ya masala inavumilia kusimuliwa hivyo. Unaweza kumsimulia Deewaar mtu aliye shambani na jembe mkononi, ukifika kwenye maneno yale ya mkononi ataacha kulima.

Nilijaribu kumsimulia shangazi yangu Thugs of Hindostan wiki ile ile. Raunakpur ilikwenda vizuri. Aliguna, akashika shavu, akauliza mtoto alifika wapi. Baada ya hapo nikajikuta nasema, kisha Firangi akamdanganya Azaad, kisha akawadanganya Waingereza, kisha wakacheza. Shangazi akauliza, "Sasa mwanangu, yule mtoto?" Watu wawili, mmoja ukumbini na mwingine jikoni, wameulizia kitu kimoja, na kitu hicho ndicho walioandika filamu walikuwa wamekisahau.

Nirudi kwenye usaliti, maana ndio uti wa mgongo wa hadithi, na hapo ndipo uvivu wa uandishi unaonekana wazi kuliko popote. Firangi anatumwa na Waingereza kuingia kwenye kundi la waasi la Azaad. Anapendwa, anaaminiwa, kisha anawauza. Ingepaswa kuwa dakika inayomtoa mtu machozi. Lakini urafiki wao umejengwa kwa nini? Kwa wimbo mmoja wa ulevi, Vashmalle, ambao wanacheza pamoja, na kwa Azaad kurudiarudia kwamba anaona wema ndani yake. Naupenda wimbo ule. Kumwona Amitabh akirusha miguu kando ya Aamir ni furaha ya kweli, na nilipiga makofi. Ila urafiki haujengwi kwa kuambiwa kwamba upo.

Mwaka 2022 ikatoka RRR ya S. S. Rajamouli, filamu ya Kitelugu, nayo ina vitu vilevile karibu vyote. Wakoloni Waingereza, wanaume wawili, mmoja, Ram, anaitumikia serikali ya kikoloni kwa siri yake, mwingine, Bheem, anawindwa na hajui kwamba anayemwinda ndiye rafiki yake. Mapigano yake ni ya ajabu kuliko ya Thugs. Kuna mtu anapigana na chui milia mwituni, kuna mtu anabebwa mabegani na mwenzake huku wote wakipigana. Hakuna aliyelalamika kuhusu uhalisia. Rajamouli alichukua muda wake. Aliwakutanisha mtoni, wakiokoa mtoto kwenye moto, mikono yao ikakamatana chini ya daraja kabla hawajajuana majina. Alituonyesha wakipanda farasi, wakila, wakicheza Naatu Naatu mpaka Waingereza wakaanguka mmoja mmoja kwa uchovu, na Ram akajiangusha makusudi ili Bheem ashinde. Ile kujiangusha! Ndani ya wimbo wa furaha kuna tendo la upendo, nasi tunalibeba hadi ukweli unapofumka. Ndiyo maana Ram anapomchapa Bheem mijeledi hadharani, ukumbi mzima unaumia pande mbili.

Wimbo ule ulipata Oscar mwaka 2023, na nilifurahi. Lakini ndani ya picha ulikuwa umeshafanya kazi yake zamani. Vashmalle haukupewa kazi.

Nyimbo za Katrina Kaif ndiyo kabisa. Suraiyya, mhusika wake, anatokea, anacheza vizuri sana, anapotea; anatokea tena, anacheza, anapotea. Sina cha kumlaumu yeye. Mcheza dansi anayeburudisha Waingereza kwenye majumba yao, anayesikia siri zao, anayependwa na tapeli. Huyo ni mhusika ambaye mwandishi mwenye bidii angempa nusu ya filamu. Waliompa ni nyimbo mbili na kona.

Kinachonisikitisha zaidi ni historia waliyoikanyaga bila kuiona. Mwaka waliouchagua, 1795, haukuwa mwaka wa kawaida India. Miaka mitatu nyuma Tipu Sultan wa Mysore alishindwa vita na Kampuni, akalazimishwa kuachia karibu nusu ya nchi yake, na kama dhamana ya deni la vita akawakabidhi Waingereza watoto wake wawili wa kiume. Watoto wa kweli, wakiongozwa kwenda kambi ya adui mbele ya baba yao. Miaka minne baada ya 1795 Tipu mwenyewe aliuawa akiilinda ngome yake ya Srirangapatna. Tukio la mwanzo la filamu, la mtoto wa nawabu kutekwa ili baba apige magoti, lina mwangwi wa jambo hilo, iwe walikusudia au hawakukusudia. Na adui wamempa jina la Clive, jina ambalo kila mwanafunzi wa India analijua kwa sababu ya Robert Clive na vita vya Plassey vya 1757. Mafuta yalikuwa tele. Hakuna aliyewasha kiberiti.

Hata hao thugs wa jina la filamu hawamo. Watu walioitwa hivyo katika kumbukumbu za Waingereza walituhumiwa kuwanyonga wasafiri kwa kitambaa barabarani. Ofisa William Sleeman aliwawinda miaka ya 1830, na sheria maalumu ikatungwa 1836. Wanahistoria hadi leo wanabishana ni kiasi gani cha habari zile kilikuwa kweli na kiasi gani kilikuwa hofu ya mtawala kwa nchi asiyoielewa. Hebu fikiria filamu ya masala inayoanzia kwenye swali hilo, nani jambazi na nani anayeandika kwamba mwenzake ni jambazi. Sisi wa Afrika Mashariki tungeielewa mara moja, tuliosoma kwenye vitabu vya wakoloni jinsi mashujaa wetu walivyoitwa majina.

Kuhusu Amitabh nitasema kwa unyenyekevu. Alipiga picha filamu hii akiwa na miaka sabini na minne hadi sabini na mitano, na mwezi Machi 2018 aliugua wakiwa Jodhpur kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Ukimtazama unaona hajidai. Macho yake kwenye tukio la Raunakpur ni yale yale ya Zanjeer na Deewaar, mtu aliyebeba jambo zito na hataki kulisema. Wamemvalisha chuma, wamempa tai anayemtangulia angani kila anapotokea, wamempa muziki mkubwa. Hawakumpa sentensi ya kusema. Mtu aliyekuwa na mistari ya Salim na Javed mdomoni amepewa hotuba fupi kuhusu uhuru ambazo yeyote angeweza kuzisema. Kwa mtu aliyempenda tangu kanda za kwanza, hilo ni gumu kulitazama.

Filamu ilipelekwa China mwishoni mwa Desemba, mahali ambapo Dangal ilikuwa imempa Aamir umaarufu usio na mfano kwa mwigizaji wa India. Huko nako ikaanguka. Wachina hawakuwa na habari za Diwali wala kumbukumbu za Amitabh wa ujana. Walikaa, wakatazama, wakauliza swali lilelile la shangazi.

Na kampuni ile iliyotengeneza filamu haikujifunza haraka. Julai 2022, miezi minne tu baada ya RRR, ilileta Shamshera, nayo ya majambazi na Waingereza, nayo ya bajeti kubwa na Ranbir Kapoor akiwa baba na mwana. Nayo ikaanguka. Niliitazama nikitafuta Zafira wake. Kulikuwa na kabila zima lililofungwa ngomeni kwa hila, dhuluma ya kutosha filamu tatu, na bado sikuweza kumtaja hata mfungwa mmoja kwa jina nilipotoka.

Wadogo zangu wananiuliza waanzie wapi na picha za Kihindi, kwa kuwa sasa wana simu na intaneti na kila kitu kipo. Nawaambia Deewaar kwanza, hata kama picha imefifia, kisha Lagaan, ambapo ndani ya muda mfupi mnaambiwa kijiji kikishindwa mchezo wa kriketi kitalipa kodi mara tatu, na kuanzia hapo kila mpira unaorushwa ni chakula cha mtu. Kisha RRR. Thugs of Hindostan siwakatazi. Nawaambia watazame mwanzo, Raunakpur, hadi Khudabaksh anapoondoka na mtoto, halafu wazime na tukae tuzungumze angekuwa mtu gani akikua: angelala vipi, angemwambia nini Clive siku wanapoonana uso kwa uso, kama angemsamehe Khudabaksh kwa kumwokoa yeye peke yake. Binamu yangu ana majibu yake kwa yote matatu, na kwa la mwisho tunabishana hadi leo. Yeye anasema asingemsamehe.